Uharabu, na Jina Lililoandikwa Ukutani

Wazee wa mwambao walikuwa na neno la kumtaja mtu aharibuye si kwa kuiba, si kwa kujilinda, wala si kwa kulipiza kisasi kinachojulikana: walimwita mharabu, na tendo lake wakaliita uharabu, neno lililo ndugu wa kuharibu na lenye asili yake katika Kiarabu. Wafaransa walipohitaji neno la maana hiyo, mnamo mwaka 1794, Askofu Grégoire alilitwaa jina la Wavandali, kabila lililoupora mji wa Roma mwaka 455, na kwa hiyo ikabaki katika lugha za Ulaya dhana ya kwamba mwenye kuharibu ni mgeni aliyetoka nje ya ukuta. Neno letu halina dhana hiyo. Mharabu aweza kuwa mtoto wa nyumbani, na aghalabu ndivyo alivyo, nami nalitumia hapa kwa makusudi, kwa kuwa ninalotaka kulieleza ni habari ya watoto wa nyumbani.

Kila mji wa pwani una malalamiko yake: bomba la maji lililong'olewa, taa ya njiani iliyopigwa jiwe, kaburi la kale lililochorwa majina kwa ncha ya msumari. Sababu zitajwazo barazani ni chache, na zote zamhusu kijana peke yake, kwamba hana adabu, ana mirungi shavuni, hakurudiwa ipasavyo alipokuwa chuoni, au amefuatana na wabaya. Sizikanushi sababu hizo, maana kila moja ina ukweli wake. Lakini mwenye kuchungua mambo ya jamii hana budi kuuliza swali jingine kabla ya hayo, nalo ni hili: kwa nini kitu hiki kimevunjwa na kile kilicho hatua kumi kutoka hapo kimesalimika?

Mwaka 1969 Philip Zimbardo, mwanachuoni wa elimu ya nafsi huko Marekani, alieleza habari ya gari lililoachwa makusudi katika mtaa wa Bronx, mjini New York, bila namba na boneti yake ikiwa wazi. Dakika kumi hazikutimia kabla ya kufika waharabu wa kwanza, nao hawakuwa kundi la vijana wahuni, bali walikuwa baba, mama na mwana wao mdogo, waliochukua betri na rejeta wakaenda zao. Na katika muda wa siku moja kila chenye thamani kilikuwa kimekwisha kuondolewa, aghalabu kwa mikono ya watu wazima waliovaa vizuri. Halafu, mwaka 2008, wataalamu wa Groningen, huko Uholanzi, walieleza jinsi walivyofunga vikaratasi katika usukani wa baiskeli zilizoegeshwa kichochoroni: ukuta ulipokuwa safi, watu 33 katika kila 100 walizitupa karatasi zile chini, na ukuta huohuo ulipochafuliwa kwa michoro, wakawa 69. Kitu kilichoonekana hakina mwenyewe wala mwenye kukijali kiliwaalika hata wastahiki.

Maelezo haya, hata hivyo, yafika nusu ya njia tu. Yaeleza kwa nini watu huacha kukiheshimu kitu. Hayaelezi kwa nini mtu atoe msumari mfukoni, asimame juani nusu saa, aandike jina lake mwenyewe mahali ambapo kila apitaye atalisoma na kumjua.

Kwa jambo hilo twende Mombasa, katika Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Imehifadhiwa humo mpaka leo michoro ya meli, makanisa na watu, iliyochorwa ukutani kwa makaa na ngeu na mikono ya Wareno wa zama zile, watu wenye saa nyingi za kungoja na kazi chache za kufanya, mbali na makwao. Hata wenyeji wetu wa zamani walizikwaruza sura za vyombo juu ya lipu ya nyumba na misikiti, na watafiti Peter na Margaret Garlake walizikusanya na kuzichapisha mwaka 1964. Leo sote twaiita michoro hiyo turathi, na ni haki kuitunza. Lakini siku ile ilipochorwa ilikuwa ukuta uliochafuliwa, na mwenye ngome au mwenye nyumba, nadhani, hakufurahi. Alama hizo zote zasema jambo moja, kwamba nalikuwapo hapa, na hapana mahali pengine nilipoambiwa niliandike hilo.

Ndipo nifikapo Kiunga, mji wa Wabajuni ulio karibu na mpaka wa Somalia, mpaka ambao katika mwaka 1925, Uingereza ilipowapa Wataliano nchi ya Jubaland, uliwatenga jamaa waliokuwa wakizikana na kuoana pasipo kuombana ruhusa. Jirani yake ni Ishakani, penye magofu na makaburi ya mawe ya kale. Mbele yake ni bahari iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1979. Katika vita vya mashifta, yaani waasi waliopigana na serikali ya Kenya baina ya mwaka 1963 na 1967, watu wa Kiunga, Ishakani, Rubu, Mvundeni, Ashuwei na vijiji vinginevyo walikimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, wakaacha minazi, visima na makaburi ya wazee wao. Baadhi yao walirejea baadaye. Wengine hawakurejea kamwe, na penye nyumba zao pakawa mahame.

Basi tumfikiri kijana mwenye msumari mkononi, si huyu wala yule, aliyezaliwa Kiunga mwaka 1998, mjukuu wa hao waliokimbia. Alipokuwa na miaka 13, mwezi wa Septemba 2011, watu wenye silaha waliingia katika hoteli ya Kiwayu, wakamwua mgeni Mwingereza na kumteka mkewe, na mwezi uliofuata jeshi la Kenya likavuka mpaka. Wageni wakakoma kuja, na baada ya hapo uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Alipokuwa na miaka 16 yalitokea mauaji ya watu katika mji wa Mpeketoni, na mwezi wa Julai 2014 amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa katika kaunti nzima ya Lamu, iliyo na Kiunga ndani yake. Upande wa bara, katika wadi ya Basuba, shule zikafungwa kwa hofu. Mwaka uliofuata ikaanza operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni. Alipokuwa na miaka 19, Julai 2017, amri ya usiku ikarudi tena. Sisemi kwamba amri hizo hazikuwa na sababu, kwa kuwa damu iliyomwagika ilikuwa damu ya watu. Nasema kwamba umri wote ambao mwanamume hufundishwa uanaume wake, huyu aliutumia kwa kuambiwa aketi ndani.

Na uvuvi wa usiku, kwa Mbajuni, haukuwa chumo tu. Ulikuwa ni chuo. Humo mvulana alifunzwa nyota, maji makuu na maji mafu, na adabu ya kumtii nahodha. Na chombo kilipofika diko alfajiri, samaki wakagawanywa mafungu mbele ya watu, fungu la chombo, fungu la nyavu, na fungu la kila baharia, naye mvulana akalipokea lake kwa mkono wake hadharani, hata likiwa dogo kuliko yote. Sijui njia iliyo bora kuliko hiyo ya kumjulisha mtoto kwamba diko ni lake. Ukiliondoa fungu lile, diko lamgeukia kuwa mchanga wa serikali.

Pana jambo la pili, lenye uchungu zaidi. Kijana wa mpakani, alipotaka kitambulisho cha uraia, kwa miaka mingi alihojiwa kuliko wenzake wa bara: baba ni nani, babu alizaliwa wapi, shahidi ni nani, na pasipo kitambulisho hapana kazi ya mshahara, na safari ya kwenda Mombasa ina vizuizi vingi. Jina lisilokubaliwa mezani kwa karani hutafuta ukuta. Katika bweni laweza kutafuta kiberiti: mwaka 2016, shule zaidi ya 100 za Kenya zilipoteketezwa, wakubwa walilaumu utovu wa nidhamu, ingawa Elizabeth Cooper alikuwa amekwisha kuonyesha, katika utafiti uliotoka mwaka 2014, kwamba wanafunzi waliuona moto kuwa njia ya kusikilizwa, baada ya njia nyingine kutowafaa kitu.

Dawa haitatoka mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika vijiji vya hifadhi ya Kiunga, ndara kuukuu zilizoletwa na bahari kwa maelfu zilikuwa zikiuchafua ufuo na kuwazuia kasa kupanda kutaga. Watoto walikuwa wakizichonga kuwa vidau vya kuchezea, na Julie Church, mtaalamu wa bahari, alipoviona vidau vile, akawahimiza akina mama wazikusanye ndara hizo, wazioshe na kuzichonga wapate kuuza. Ufuo ule ule uliokuwa jaa ukawa shamba lenye wavunaji.

Kwa Ishakani naomba jambo lililo dogo kuliko hilo: kila ukuta wa magofu yale utakapotengenezwa, wavulana wa Kiunga wapewe kuchoma matumbawe, kulowesha chokaa na kuiponda, walipwe ujira wao mbele ya watu, kama fungu la diko. Na yule atakayekamatwa na msumari mkononi, mzee wa mji, kabla ya kumpeleka kwa chifu, amketishe kivulini na kumwuliza babu yake alizaliwa kijiji gani. Kisha amchukue wakapatazame mahali hapo, maana yumkini atajibu Mvundeni au Ashuwei, na hajapata kupaona.