Jino la papa likipatikana Buigiri, limetoka wapi?

Msikilizaji, ukiokota korongoni jiwe lenye umbo la jino, usikimbilie kulipa jina. Kwanza tazama mwamba wa mahali hapo.

Miamba ya graniti ya Buigiri na sehemu kubwa ya Dodoma ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilitokana na uji wa moto uliopoa na kuganda chini ya ardhi. Wakati huo papa hawakuwepo. Hata wangekuwepo, moto ule usingebakiza kitu.

Meno ya viumbe wa bahari ya kale hubaki pale mchanga na matope ya bahari yalipoyafunika, yakashindiliwa mpaka yakawa jiwe. Ndiyo maana kwa hapa nchini tunatazama Lindi. Huko Tendaguru, kwenye miamba ya miaka takriban milioni 150, tabaka zenye mifupa ya dinosaria zimepishana na tabaka za bahari. Wataalamu wamekuta humo meno ya papa.

Kwa nini meno tu? Papa hana mifupa migumu. Mwili wake unashikiliwa na gegedu, kama lile la sikio lako, nalo huoza upesi. Meno ni magumu, na papa mmoja hudondosha maelfu maishani, mapya yakiota. Kwa kawaida huwa bapa na yenye makali. Ya mijusi wakubwa wa bahari ya kale mara nyingi yalichongoka kama pembe.

Nyanda zetu za kati nazo zina hazina yake. Mahenge, mkoani Singida, palikuwa na ziwa miaka milioni 46 hivi iliyopita, na samaki wake wa maji baridi wamehifadhiwa ndani ya mawe.

Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walipeleka Berlin zaidi ya tani 200 za visukuku vya Tendaguru. Waliochimba na kubeba mizigo hiyo hadi bandari ya Lindi walikuwa wenyeji.

Leo tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kwa hiyo ukiona kitu cha namna hiyo, usichimbe wala usiuze. Kipige picha kikiwa palepale, weka alama, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji. Jino likishaondolewa kwenye tabaka lake bila kumbukumbu, hata mtaalamu hawezi tena kueleza vizuri habari zake.