Sura ya Tano: Mlango wa Kutokea

Reli inayoanzia bandarini Kalemie hufuata mto Lukuga kuelekea magharibi, hupita Nyunzu na kufika Kabalo. Katika vita vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo vya 1998 hadi 2003, kila aliyetaka kuishika Katanga ya kaskazini aliitaka njia hii. Kalemie iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD mwaka 1998, Rwanda ikiwa nyuma yao; upande wa pili lilikuwapo jeshi la serikali na washirika wake, hasa Zimbabwe. Mstari wa mapigano ulisogea, ukarudi, ukasimama, na ulipokaa mahali kwa muda askari walitega mabomu ardhini kulinda mahandaki yao. Mwisho wa vita walifungasha wakaondoka. Mabomu hayana wa kuyafungashia.

Chukua mfano wa PMN, bomu la Kirusi lililosambaa Afrika nzima. Ni kisanduku cha mviringo kinachoenea kwenye kiganja, kina kifuniko cha mpira na takriban gramu 240 za TNT ndani. Uzito wa mtoto mdogo unatosha kulilipua. Halina saa wala tarehe ya kuisha. Linaweza kulala miaka 20 chini ya nyasi, na siku ya kukanyagwa halitauliza kama aliyelikanyaga ni askari au mama anayetafuta kuni za kuchomea makaa. Kwa mwaka 2023, ripoti ya kimataifa ya mabomu ya ardhini ilihesabu watu 5,757 waliouawa au kujeruhiwa na mabomu haya na masalia mengine ya vita, na 84 kati ya kila 100 walikuwa raia.

Kulitoa ni kazi ya magoti. Mteguzi huingia kwenye ujia mwembamba uliowekewa alama, hupitisha kifaa cha kunusa chuma, na kikilia hulala chini na kuchoma udongo kwa kijiti cha chuma. Hachomi wima, maana angelibonyeza bomu kwa juu. Huchoma kwa mshazari ili aliguse ubavuni. Kisha sentimita chache mbele, tena na tena. Vifaa vyenyewe vya kunusa chuma hulia hata kwa msumari, na ndiyo sababu panya waliofunzwa Morogoro na shirika la Apopo wamepata sifa: wao hunusa baruti, chuma hawakijali. Katanga walifanya kazi hii watu wa DanChurchAid ya Denmark na MAG ya Uingereza, pamoja na Wakongo waliofunzwa nao.

Kongo iliingia katika Mkataba wa Ottawa, unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa dhidi ya watu, mwezi Mei 2002, vita vikiwa bado havijaisha. Mwaka 2011 ikatunga sheria yake. Mkataba uliipa miaka 10 kusafisha ardhi yote. Haikutosha, ikaongezewa muda, tena na tena, hadi tarehe 31 Desemba 2025. Kilichokuwa kimebaki kwenye orodha ulipoombwa muda huo ni maeneo 33, jumla yake mita za mraba zipatazo 128,800. Ni kama viwanja 18 vya mpira, katika nchi ya kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili. Anayeshangaa kwa nini imechukua zaidi ya miaka 20 hajawahi kusafiri nchi hii msimu wa mvua. Tena hesabu hiyo haikugusa Aru wala Dungu, ambako usalama haukuruhusu hata kupima.

Sasa twende Ulaya, maana huko ndiko marufuku haya yalikotikiswa. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Poland na Finland ziliamua kujitoa, zikiihofia Urusi. Bunge la Finland lilipitisha uamuzi huo kwa kura 157 dhidi ya 18. Hoja yao si ya kijinga: Finland ina mpaka na Urusi wa kilomita zaidi ya 1,300, Urusi haimo katika mkataba, na jeshi la Finland linaahidi kuyaweka mabomu ghalani wakati wa amani na kuyachorea ramani likiyatega.

Jirani wa Finland, Norway, nayo inapakana na Urusi, kwa kilomita 198. Lakini waziri wake wa mambo ya nje, Espen Barth Eide, aliyewahi pia kuwa waziri wa ulinzi, alisema waziwazi kwamba anasikitishwa na uamuzi wa Finland na kwamba nchi yake haitoki. Sababu aliyoitoa haikuhusu Norway sana. Alisema wakianza kulegea wao, itakuwa rahisi zaidi kwa makundi yanayopigana popote duniani kurudia silaha hizi, kwa sababu aibu yake itapungua. Marekani haijawahi kuingia katika mkataba, lakini huko pia Seneta Patrick Leahy wa Vermont alipigana na silaha hii kwa miongo mitatu, na Rais Trump alipolegeza masharti ya kuitumia mwaka 2020 alimpinga hadharani.

Neno aibu linaweza kuonekana jepesi mbele ya vifaru. Ukilitazama ukiwa Kalemie lina uzito. Kiongozi wa waasi hakusaini chochote Ottawa wala hasomi vifungu. Yeye hutumia kinachopatikana, na kinachopatikana hutoka kwenye maghala ya majeshi na kwa watengenezaji. Nchi zilizosaini zimeteketeza zaidi ya mabomu milioni 55 yaliyokuwa ghalani, na biashara halali ya silaha hii karibu imekufa. Ni kweli wapo wanaojitengenezea mabomu porini, na mkataba haujawazuia. Lakini bomu la kubuniwa na fundi mmoja mmoja halilingani na shehena ya kiwandani, na kiwanda kikifunguliwa tena mahali penye heshima kama Ulaya, mteja wa pili na wa tatu hawatakuwa mbali. Nadhani hapo Eide aliona mbali kuliko wale 157.

Ahadi ya ramani nayo naipokea kwa shaka. Ramani huchorwa na jeshi lililotulia. Jeshi linalokimbia haliziachi mezani. Na mvua hubeba udongo, na bomu dogo huenda nao.

Mkataba wenyewe una mlango wa kutokea, Kifungu cha 20: nchi hutoa taarifa, husubiri miezi sita, hutoka. Nchi tatu za Baltiki zilimaliza miezi yao tarehe 27 Desemba 2025, siku nne kabla ya ile tarehe ya Kongo. Ila kifungu hicho kina sharti: ikiwa miezi sita inaisha nchi ikiwa vitani, haitoki mpaka vita viishe. Ndiyo maana Ukraine, ilipotaka kujinasua mwaka 2025, ilitangaza kuusimamisha tu mkataba, jambo ambalo mkataba haulitambui. Na Kongo, iliyopoteza Goma vitani mwezi Januari mwaka huohuo na Bukavu mwezi uliofuata, haingeweza kuupita mlango huo hata kama ingetaka.