Usilichue Kabla Hujalijua

Njia za Vudee, kijijini kwetu milimani, haziuhurumii mguu. Ukipanda, shavu la mguu linavutwa huku limebeba mwili mzima na mzigo wa kichwani juu yake. Nimezaliwa huko, siku hizi nawapiga watu picha za MRI mjini, na kila ninapoona msuli uliochanika huikumbuka miinuko ya kwetu.

Mdogo wangu aliumia akiruka mfereji wa maji ya ndiva, bwawa letu la kienyeji la kumwagilia mashamba. Alisikia "ta!" nyuma ya mguu, akageuka akidhani kapigwa jiwe. Jioni mguu ulikuwa umevimba, na mama mdogo akapasha mafuta akaanza kumchua kwa nguvu zake zote, kama walivyomfundisha wakubwa. Nilipopigiwa simu nikasema, "Mama mdogo, shikamoo. Nakuomba sana, msimchue tena mpaka aonwe na daktari."

Msuli uliochanika karibuni unavuja damu ndani, na kuuchua kunauongezea jeraha. Na lipo la kutisha zaidi: shavu likivimba, likiuma na kuwa la moto, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Donge hilo likisukumwa linaweza kukimbilia mapafuni na kuua. Kulitafuta hakuhitaji MRI, ultrasaundi ya mishipa inatosha. Kano ya kisigino nayo, ikishukiwa kukatika, hupimwa kwa mkono tu: mgonjwa analala kifudifudi, daktari anaminya shavu, na wayo usipocheza kano huenda imekatika.

Jina la MRI lilivuma nchini Tanzania Novemba 2015, Rais Magufuli alipofika Hospitali ya Muhimbili ghafla akakuta mashine haifanyi kazi. Mashine yenyewe ni sumaku. Ile ya tesla 1.5 ina nguvu takriban mara 30,000 ya usumaku wa dunia, ndiyo maana funguo, sarafu na pini za nguo huachwa nje, na mwenye kifaa chochote mwilini lazima aseme mapema. Haitumii eksirei. Haidrojeni iliyo kwenye maji na mafuta ya mwili hupangwa na sumaku, ikasukumwa na mawimbi ya redio, na inaporudi hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza picha. Kelele zake ni za kugonga mfululizo, basi tunawaziba wagonjwa masikio. Mahali panapouma nabandika kidonge cha vitamini E. Mafuta yake hung'aa kwenye picha, na msomaji anajua pa kutazama.

Shavu lina misuli miwili mikubwa. Gastroknemiasi iko juu juu, na mara nyingi huchanika upande wa ndani, pale nyama inapokutana na kano. Chini yake imejificha soleasi. Ultrasaundi inauona vizuri ule wa juu, lakini huu wa ndani huweza kuikwepa. Kwa mdogo wangu ndivyo ilivyokuwa: ultrasaundi ilionyesha mchaniko wa juu, wiki zikapita, maumivu ya ndani yakabaki. MRI ikaonyesha weupe uliotawanyika ndani ya soleasi kama unyoya, ukifuata kano iliyopita katikati ya nyama.

Hiyo kano ndiyo habari kubwa. Mwaka 2014 madaktari wa riadha wa Uingereza walitoa madaraja ya majeraha ya misuli, 0 hadi 4, na herufi c kwa jeraha lililoingia kwenye kano, kwa kuwa mara nyingi hilo huchelewa kupona na hurudi mtu akiharakisha.

Kwa maoni yangu, wengi wanaoumia shavu hawahitaji kipimo cha MRI. Ni ghali, na kutoka milimani ni safari ndefu. Kina thamani pale mguu unapogoma kupona, au daktari anapotaka kujua kama kano imeguswa.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alimpa mdogo wangu zoezi la kuinua visigino, goti likiwa limekunjwa ili soleasi ndiyo ifanye kazi. Kwanza miguu yote miwili, kisha mmoja. Mzigo wa kichwani aliruhusiwa alipoweza kufanya hivyo bila maumivu, tena akianzia njia za tambarare.