Je, Wajua? Benki ya Eldoret Ilijengwa Kuizunguka Sefu

Je, wajua kwamba katikati ya jiji la Eldoret palikuwa shamba lenye namba tu? Serikali ya kikoloni ilipowagawia walowezi ardhi ya Uasin Gishu, kipande hiki kiliandikwa shamba namba 64. Posta ikafunguliwa hapo mwaka 1910, na Wakalenjin wakaigeuza “sixty-four” ya Kizungu kuwa Sisibo. Jina la Eldoret likawa rasmi mwaka 1912, enzi za Gavana Percy Girouard. Hata hivyo namba haikufutika: uwanja wa michezo wa mjini umejulikana kwa miaka mingi kama 64 Stadium.

Mwaka huohuo wa 1912 Standard Bank of South Africa, iliyokuwa imeingia Mombasa na Nairobi mwaka uliotangulia, ilifungua tawi hapa. Sefu yake ililetwa kwa gari la maksai. Wasimulizi wa mji husema ilianguka ikishushwa, watu wakaisukuma wee, haikusogea. Ikabidi kuta zijengwe kuizunguka palepale ilipolala. Kuta zenyewe zilikuwa za udongo. Mwizi angeweza kuzitoboa kwa jembe, lakini kuliondoa lile dude la chuma angeondoa na nani? Sijasikia benki iliyopata ulinzi kwa bei rahisi kuliko huo.

Udongo haukuwa ushamba. Kabla ya reli, kila bati, msumari na kioo cha dirisha kilipandishwa kwa maksai kupitia misitu na matope ya Timboroa. Makaburu waliohama kutoka Afrika Kusini waliionja njia hiyo mwaka 1908: waliondoka Nakuru mwezi Agosti, wakafika Uasin Gishu Oktoba. Siku hizi matatu huimaliza safari hiyo kwa saa tatu hivi, lori lisipolala katikati ya barabara.

Garimoshi lilifika mwaka 1924. Maji ya bomba kutoka Mto Sosiani yakafuata mwaka 1928, na umeme mwaka 1933.

Reli ilileta saruji na mabati kwa wingi, na maduka ya Wahindi yakachukua sura iliyoenea katika miji mingi ya reli. Ukilipata moja la zamani, usitazame vibao vya simu na nguo vilivyo mlangoni, inua macho. Ukuta wa mbele umepandishwa kupita paa, hivi kwamba kutoka barabarani utadhani juu kumemwagwa zege. Zunguka kwenye kichochoro cha nyuma: ni mabati matupu, yameinamia uani, na mfereji wake unamwaga maji kwenye tangi. Mbele kuna baraza yenye nguzo, mteja asilowe wala asichomwe na jua. Familia ililala nyuma ya duka au ghorofani, mlango mmoja tu kutoka kwenye kaunta.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, ya tano nchini Kenya, na sasa kiwanja cha katikati kinatamaniwa kuliko duka lililokaa juu yake. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo katika Gazeti Rasmi kuwa la kuhifadhiwa. Kwa sheria hiyo, umri pekee hautoshi kulilinda, hata ukizidi miaka 100.