Zijue Ndege (2): Kiwanja Ndicho Kinachochagua Ndege

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi bawa linavyoinua ndege. Leo tunajibu swali jingine: kwa nini ndege zina maumbo na ukubwa tofauti? Mtengenezaji huanza na mambo matatu: mzigo utakaobebwa, umbali wa safari na njia ya kurukia iliyopo.

Air Tanzania ilipopokea ndege zake mbili za Q400 mwaka 2016, wapo waliosema ni za kizamani kwa kuwa zina pangaboi. Fikra hiyo haikuwa sahihi. Injini ya Q400 huchoma mafuta kwa namna ileile ya injini ya jeti, ila nguvu zake nyingi huenda kuzungusha pangaboi. Katika mwendo usiozidi kilomita 700 kwa saa, mfumo huo hula mafuta kidogo kuliko jeti. Jeti hupata nafuu yake ikipanda kilomita 10 hadi 12 angani, ambako hewa ni nyepesi. Kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar ni dakika 20 hivi. Jeti ingelazimika kushuka kabla haijafika huko juu. Q400 hubeba abiria 76 na hutosheka na njia ya mita 1,400 hivi.

Kwa safari ya Guangzhou, shirika hilo lina Boeing 787-8 yenye viti 262, inayoweza kwenda zaidi ya kilomita 13,000 bila kutua. Ndege hiyo ikijaa huhitaji njia ndefu ya lami, hivyo viwanja vingi vya mikoani haviiwezi.

Sasa tutazame ndege ndogo, maana ndizo zinazofika kusikofika nyingine. Mfano mzuri ni Cessna Caravan, inayoonekana sana katika viwanja vya hifadhi kama Seronera. Ina injini moja puani. Mabawa yake yako juu ya madirisha, hivyo hayagongi vichaka kirahisi na abiria anaona nyumbu walioko chini bila kizuizi. Magurudumu yake hayakunjwi, kwa hiyo hakuna mitambo ya kuyakunja inayoweza kuharibika kwa vumbi na mashimo. Chini ya tumbo hufungwa sanduku refu la mizigo. Pale penye wanyama, rubani huweza kupita chini chini mara moja kukagua njia kabla ya kutua.

Kutua kwenye changarawe ndiko kunakookoa maisha pia. Huduma ya madaktari warukao ya Amref, iliyoanzishwa mwaka 1957, hutumia pamoja na nyingine ndege ya Pilatus PC-12. Nayo ina injini moja ya pangaboi, lakini nyuma ina mlango mpana wa kupitishia machela, na hewa ya ndani huongezwa shinikizo ili mgonjwa asikose pumzi ikiwa juu.

Ndege ya mizigo imeundwa tofauti. Boeing 767-300F, iliyofika Tanzania mwaka 2023, hubeba hadi tani 54. Haina viti vya abiria. Ubavuni ina mlango mkubwa, na sakafu yake ina rola za kusukumia mizigo. Ndiyo inayofaa kwa samaki, nyama na maua, bidhaa zisizosubiri meli.

Ziko pia ndege za kunyunyizia dawa, zenye tangi na mabomba chini ya mabawa. Huruka chini sana, upepo ukiwa umetulia. Dhidi ya kweleakwelea hurushwa jioni, ndege hao wanaporudi kulala. Mwaka 2020 nzige walipovamia Afrika Mashariki, ndege za aina hii zilikuwa silaha kuu.

Tukiyaweka pamoja haya yote, kiwanja ndicho kinachoamua ndege gani ije na huduma gani ifike. Kwa hiyo nazisihi halmashauri zenye viwanja vidogo: fyekeni nyasi, zibeni mashimo, zuieni mifugo na ujenzi kwenye njia. Siku mjamzito atakapohitaji kufikishwa hospitali ya rufaa, hakutakuwa na muda wa kuanza kufyeka.

Sehemu ya tatu itaeleza kazi ya waongoza ndege.