Pumzi kukatika usingizini: Mkazi wa Mikinduri afanye nini baada ya kuambiwa hali ni kali

Mtu anayeambiwa na daktari kuwa pumzi yake hukatika akiwa usingizini, tena kwa kiwango kikali, hutoka kliniki na wasiwasi mwingi. Wengine huogopa kulala usiku huo. Wengine hupuuza, kwa kuwa hawasikii maumivu yoyote. Tatizo hili lina tiba, na mgonjwa anayeifuata huweza kurudia kazi na maisha yake ya kawaida. Anayelipuuza hujiweka hatarini yeye mwenyewe, na iwapo ni dereva, abiria wake pia.

Hali hii ni ipi?

Mtu anapolala, misuli ya koromeo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kiasi cha kuziba njia ya hewa. Kifua hujitahidi kuvuta pumzi lakini hewa haipiti. Oksijeni ikipungua mwilini, ubongo humshtua mtu, naye hukoroma kwa nguvu au kukabwa kama anayezama majini, kisha hulala tena. Asubuhi hakumbuki lolote.

Madaktari huhesabu mara ambazo pumzi hukatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi katika kila saa ya usingizi. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 14 ni kiwango kidogo, 15 hadi 29 ni cha wastani, na 30 au zaidi ni kikali. Mwenye kiwango kikali akilala saa 7, hukatizwa pumzi mara 210 au zaidi kwa usiku mmoja. Ndiyo maana huamka akiwa amechoka, kichwa kikimuuma, na husinzia kanisani, mkutanoni au kwenye usukani.

Kwa nini isipuuzwe?

Kila pumzi inapokatika, moyo hulazimika kufanya kazi zaidi na presha hupanda. Baada ya miaka, hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huongezeka. Kuna wagonjwa wa presha wanaomeza dawa kila siku bila presha kushuka, na kumbe chanzo kimojawapo kiko usingizini.

Hatari nyingine iko barabarani. Tigania na Igembe ni maeneo ya miraa, na magari huondoka na mzigo kwa kasi ili ufike sokoni ukiwa mbichi. Dereva anayesinzia huenda akatafuna miraa ili akae macho. Miraa huficha usingizi kwa muda, lakini haifungui koromeo. Zaidi ya hayo, hupandisha presha na kuharibu usingizi wa usiku unaofuata. Mwenye hali kali anayesinzia mchana asiendeshe gari wala bodaboda hadi tiba ianze kufanya kazi na daktari amruhusu.

Pombe na dawa za usingizi nazo huzidi kulegeza koromeo. Mgonjwa asinunue dawa ya usingizi dukani kwa kudhani kuwa shida yake ni kukosa usingizi.

Mashine ya hewa

Tiba kuu ya kiwango kikali ni mashine iitwayo CPAP. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Mashine husukuma hewa ya chumbani kupitia mrija hadi kwenye barakoa ya puani, na msukumo huo huzuia koromeo lisizibe. Si mtungi wa oksijeni, na kuitumia si dalili kwamba mtu yuko karibu kufa.

Wiki za kwanza huwa ngumu, na wengi hukata tamaa hapo. Mambo haya husaidia:

• Vaa barakoa mchana ukiwa macho, ukisikiliza redio, hadi uizoee.
• Hewa ikivuja au ngozi ikichubuka, rudi kliniki ubadilishiwe barakoa. Usikaze mikanda kupita kiasi.
• Itumie kila usiku. Madaktari wengi huangalia kama mgonjwa anafikisha angalau saa 4, lakini usiku mzima ni bora zaidi.
• Osha barakoa kwa sabuni isiyo kali na maji safi, uianike kivulini. Wakati wa kiangazi vumbi huwa jingi, hivyo kagua kichujio mara kwa mara.
• Kwenye chombo cha unyevu tumia maji yaliyotoneshwa, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa. Usitumie maji ya betri.
• Usiweke jiko la makaa katika chumba cha kulala. Moshi wake ni hatari kwa kila mtu, na mashine huvuta hewa hiyohiyo.
• Umeme ukikatika, vua barakoa na ulale kwa ubavu. Umeme ukiwa hukatika mara kwa mara, uliza kuhusu betri inayofaa mashine yako.

Usinunue mashine iliyotumika wala kuazima ya jirani bila ushauri wa daktari. Msukumo wa hewa hupangwa kulingana na mgonjwa mwenyewe.

Mambo mengine yanayosaidia

Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata kilo chache hupunguza mara ambazo pumzi hukatika. Kulala kwa ubavu husaidia wengine. Unaweza kushona mfuko mgongoni mwa fulana na kuweka mpira mdogo ndani ili usilale chali. Hatua hizi haziondoi haja ya mashine hadi daktari aseme hivyo. Ukipangiwa upasuaji wowote, mweleze mapema daktari wa nusukaputi kuhusu hali yako.

Familia ina nafasi yake

Mke au mume ndiye shahidi wa kwanza, kwa kuwa mgonjwa hajioni akilala. Mwenye shaka kuhusu mwenzake anaweza kurekodi sauti ya kukoroma kwa simu na kumpelekea daktari. Asimcheke anapovaa barakoa. Watoto pia waelezwe ni ya nini, ili wasiogope.

Pa kuanzia

Anayekoroma kwa nguvu, kukatika pumzi na kusinzia mchana aanzie katika zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Mikinduri. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wanaweza kumpima presha. Daktari akiona haja, atampa rufaa, ikiwemo kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru. Hospitali zinazopima usingizi usiku kucha ni chache, nyingi zikiwa Nairobi, hivyo mgonjwa ajipange kwa safari.

Ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, abonyeze *147# kwenye simu. Kabla ya kulipia kipimo au mashine, aulize kwenye dawati la SHA hospitalini ni gharama gani zinazolipiwa, na abebe barua ya rufaa, majibu ya vipimo na orodha ya dawa anazotumia.