Matumizi ya "a" na "an" katika Kiingereza

Katika madarasa mengi wanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kwamba "an" hutangulia herufi a, e, i, o na u, na "a" hutangulia herufi nyinginezo. Kanuni hiyo ni nyepesi kukariri, lakini ina ila: yatazama herufi, ilhali jambo lenyewe ni la sauti. Mwenye kuishika barabara ataandika "an university" na "a hour", kisha atasahihishwa kwa wino mwekundu pasipo kujua alipokosea, maana amefuata vile vile alivyofundishwa.

Neno "university" huandikwa kwa u, lakini ulimi huanza na sauti ya y, ile ile ya "yai"; basi husemwa "a university", na vivyo hivyo "a European". "One" huanza na sauti ya w, kwa hiyo chongo huitwa "a one-eyed man". Kinyume chake, h ya "hour", "honest" na "heir" ni ya maandishi tu, haitamkwi. Ndiyo sababu ya kusema "an hour". Hata tarakimu na vifupisho hufuata sikio: "an 8", "an 11", "an M.P.", kwa kuwa jina la herufi M kwa Kiingereza huanza na irabu. Neno "herb" Waingereza hulitamka kwa h na kusema "a herb". Wamarekani wengi huiacha h hiyo, nao husema "an herb". Wote ni sahihi, kila mmoja kwa kinywa chake.

Hapa Mswahili ana msaada ambao hautumii, kwani maandishi ya lugha yake hufuata matamshi. Na aliandike neno kwa namna ya Kiswahili, "yunivasiti", "wan", "awa", na herufi ya kwanza itamwonyesha njia.

Wala n hiyo haikuongezwa. Asili ya yote mawili ni "ān" ya Kiingereza cha kale, maana yake "moja". N ilidondoka mbele ya konsonanti, ikabaki mbele ya irabu. Mipaka ya maneno ilipochanganyika masikioni mwa watu, "a napron" ikageuka "an apron", na "an ewt" ikawa "a newt". Waswahili hawana haja ya kustaajabu: "kitabu" ni neno la Kiarabu ambalo silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha umoja, hata pakapatikana "vitabu".